Lenzi za zamani kwenye kamera za leo: hotuba kamili

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wapiga picha wa Mombasa na majirani zao wa pwani. Tumeyaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.)

Wenzangu wa studio, wa harusi, wa mtaani, na ninyi mnaojifunza, hamjambo?

Nianze na swali. Nani kati yenu ana lenzi droo­ni ambayo haijaguswa tangu studio ilipoacha filamu? Naona mikono. Lenzi ya chuma, nzito, haina mota wala chipu. Na nani aliambiwa dukani kwamba lenzi hiyo "haiingii" kwenye kamera yake mpya? Mikono imeongezeka.

Inaingia. Karibu zote zinaingia. Ila kazi ambayo kamera ilizoea kukufanyia sasa inarudi mikononi mwako. Nitalisema hili mpaka mchoke: kamera haijui kwamba lenzi ipo. Haijui urefu wake, haijui tundu la kupitisha mwanga limefunguliwa kiasi gani, wala haiwezi kusogeza chochote ndani yake. Matatizo mengi mnayolalamikia yanaanzia hapo. Liko moja tu lisiloanzia hapo, nalo ni umbali kati ya kifungio, yaani pale lenzi inaposhikwa na kamera, na filamu au sensa. Tuanze na hilo.

Mwaka 1987 Canon walileta mfumo wa EOS wenye fokasi ya kujiendesha, na kifungio kipya cha EF. Mpaka hapo wateja wao walikuwa na lenzi za FD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971. Kifungio cha FD kinakaa mm 42 kutoka kwenye filamu. Cha EF kinakaa mm 44. Tofauti ni milimita 2 tu, lakini milimita hizo ziliwaacha watu na mikoba ya lenzi nzuri zisizo na pa kwenda. Kwa nini? Kwa sababu lenzi ya FD ikifungwa kwenye kamera ya EF inakaa mbali mno na filamu. Inaona vitu vya karibu tu. Mlima, minara, hata mtu aliye upande wa pili wa barabara, vyote vinabaki na ukungu. Dawa ilikuwa adapta, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera, yenye kioo cha kusahihisha, na kioo hicho cha bei rahisi kiliharibu ubora uleule uliokufanya uitamani lenzi. Basi bei za FD zikaanguka, na lenzi zikalala.

Nani alizifufua? Ni kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, hizi tunazoziita mirolesi. Panasonic G1 ilitoka mwaka 2008, umbali wake mm 19.25. Sony NEX zikafuata mwaka 2010, mm 18. Mwishoni mwa 2013 ikaja Sony A7 yenye sensa kamili ya mm 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu ya filamu. Kioo cha kuakisi kilipoondoka, nafasi ilipatikana. Nafasi hiyo ndiyo adapta.

Hesabu yake ni ya kutoa. Chukua umbali wa lenzi, toa umbali wa kamera, kinachobaki ni unene wa adapta. FD kwenda Sony: 42 toa 18, unapata mm 24. Lenzi za skrubu za M42, hizi za Pentax na za Urusi, zina mm 45.46, kwenda Sony adapta ni mm 27.46. Nikon F ina 46.5, Nikon Z ina 16; adapta ni mm 30.5. Canon RF ni mm 20, Fujifilm X ni 17.7. Andikeni hizo, zitawasaidia dukani muuzaji anapokupa adapta "ya kila kitu". Adapta ya kila kitu haipo.

Na wenye DSLR, kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, je? Msikate tamaa, ila mjue mpaka wenu. Mwenye Canon EF ana bahati: M42 inahitaji mm 1.46 na Nikon F inahitaji 2.5, kwa hiyo pete nyembamba isiyo na kioo inatosha. Mwenye DSLR ya Nikon hana nafasi hiyo. Kifungio chake cha 46.5 ni kirefu kuliko karibu vyote, na M42 juu yake haifiki mbali kabisa bila kioo cha kusahihisha. Kwa Nikon, kaa na lenzi za Nikon.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hawaambiwi. Adapta nyingi za bei rahisi hutengenezwa fupi kidogo kwa makusudi. Kwa nini? Kwa sababu ikizidi unene, lenzi haifiki mbali na mteja atairudisha. Ikiwa fupi, inafika mbali na kupita, na mteja hagundui. Chukua upungufu wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa lenzi ya mm 50, kitu kilicho mbali kabisa kitakuwa kikali pete ya fokasi inaposoma kama mita 25. Kwa lenzi ya mm 28, pete itasoma kama mita 8! Maana yake nini? Ukisukuma pete hadi mwisho kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa, ukidhani umefika, umepita, na picha yote ya bahari imelegea. Na wewe unayepiga mtaani kwa kuseti umbali bila kuangalia, unayeweka mm 28 kwenye tundu la f/8 na mita 3.3 ili kila kitu kuanzia mita 1.6 na kuendelea kiwe kikali, hesabu yako yote imeharibika. Kosa si la lenzi. Kosa ni la adapta.

Mtaijuaje? Fungeni lenzi, tafuteni mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi, tundu liwe wazi kabisa, kuzeni picha kwenye skrini, pateni fokasi, kisha someni pete. Ikisoma ∞ barabara, adapta ni nzuri. Ikisoma mita 8, iandikeni kwenye karatasi ya gundi, mbandike juu ya adapta, na maisha yaendelee. Ikigota kwenye ∞ na mnara bado hauko mkali, rudisheni adapta siku hiyohiyo. Na mkiwa nayo mkononi, chungulieni ndani: ikiwa inang'aa, mwanga wa pembeni utagonga ukuta wake na kupausha picha. Kipande cha karatasi nyeusi yenye nyuzi za mahameli, kilichobandikwa ndani, kinamaliza tatizo hilo.

Tumemaliza umbali. Tuje kwenye tundu, na hapa nataka wenye Nikon wanyamaze kidogo wasikilize, maana hapa ndipo vitu huvunjika.

Nikon F ilitoka mwaka 1959, na umbo la kifungio chake limebaki lilelile kwa miongo mingi. Watu husikia hivyo wakaamini kwamba lenzi yoyote ya Nikon inaingia kwenye kamera yoyote ya Nikon. Inaingia, ndiyo. Ndiyo hatari yenyewe. Mpaka mwaka 1977 kamera ilisoma tundu kupitia mashikio mawili ya chuma yaliyokaa juu ya pete. Mwaka huo wakaleta mfumo wa AI: ukingo wa pete ya tundu ulikatwa mahali maalumu, ukawa unasukuma kijino kidogo kilicho pembeni ya kifungio cha kamera. DSLR kama D700, D7000, D7100, D7200 na D750 zina kijino hicho. Ukiweka lenzi ya kabla ya AI, ukingo wake haukukatwa. Unakigandamiza kijino, na ukizungusha kwa nguvu unakivunja. Ni sauti ndogo tu, na gharama yake ni fundi.

Utaitambuaje? Tazama pete ya tundu. Lenzi ya AI ina safu mbili za namba, kubwa na ndogo, na mashikio yake yana matobo. Ikiwa na safu moja tu na mashikio yasiyotoboka, usiifunge kwenye kamera hizo. Fundi hodari anaweza kuukata ukingo. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, ambazo ni nyingi mno hapa kwetu, hazina kijino hicho, kwa hiyo hakuna cha kuvunjika. Lakini pia hazipimi mwanga na lenzi hizi. Unaweka M, kila kitu kwa mkono, unapiga, unatazama grafu ya mwanga, unarekebisha. Inachosha, lakini kwa meza ya vyakula au picha ya bidhaa si shida.

Kwenye mirolesi mambo ni mepesi. Weka kamera kwenye A, au Av kwa Canon. Tundu unalizungusha mwenyewe kwenye lenzi, kamera inaona mwanga uliopungua na kuchagua kasi ya shata. Lakini kabla ya hapo ingia kwenye menyu uruhusu kufyatua bila lenzi. Usipofanya hivyo, kitufe hakitafanya lolote. Kamera haijui kwamba lenzi ipo, tumekubaliana?

Kila familia ya lenzi ina mtego wake wa tundu. Lenzi ya FD ikiwa mkononi haijafungwa, ukizungusha pete, vibamba vinavyofunga tundu havisogei. Wengi wamezikataa sokoni wakidhani zimekufa, kumbe ndivyo zilivyoundwa. Hata ukiifunga, adapta ya FD ina pete yake ya kufungua na kufunga. Ikibaki upande wa kufungua, unapiga siku nzima tundu likiwa wazi huku pete ya lenzi inasema f/8. Toa pia pete ya lenzi kwenye alama ya A. M42 nazo: nyingi zina pini ndogo nyuma inayofunga vibamba ikisukumwa. Adapta yenye ukingo wa ndani huisukuma, isiyo na ukingo haiisukumi. Ikiwa lenzi yako ina swichi ya A na M, iweke M na usahau habari ya pini.

Kisha kuna Helios 44-2, ambayo kila kijana wa mtandaoni anaitaka. Historia yake inaeleza umbo lake. Ni mjukuu wa Biotar mm 58 f/2 ya Carl Zeiss Jena. Baada ya vita, ujuzi na mitambo ya Ujerumani ikachukuliwa na Wasovieti, na kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikatoa Helios juu ya msingi huo, kwa wingi wa ajabu. Ndiyo maana bado ni rahisi. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu: moja unachagua namba, ya pili unafungua na kufunga laini, bila kubofya hatua kwa hatua. Unapata fokasi likiwa wazi kwenye f/2, kisha unazungusha pete ya pili mpaka igote kwenye namba uliyochagua. Huna haja ya kuondoa jicho.

Na ule mzunguko wa nyuma wanaoutaka, majani yaliyolegea yakionekana kumzunguka mtu? Hautokei wenyewe. Unahitaji f/2, mtu akiwa mita moja na nusu hadi mbili na nusu, na nyuma yake mita kadhaa kuwe na majani yenye mwanga unaopenya. Mwembe ni mzuri, ukuta mtupu haufai kitu. Unatokea kwenye pembe za fremu, kwa hiyo sensa ndogo ya APS-C inaukata mwingi. Kwenye sensa hiyo, lenzi ya mm 50 inaona kama mm 75 kwa Sony, Nikon na Fuji, kama mm 80 kwa Canon. Ni nzuri kwa picha za uso, ni mbaya kwa sebule ndogo yenye watu kumi na wawili.

Ndugu zangu, fokasi. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu ni mazoezi zaidi kuliko maneno. Ukiwa na mm 50 kwenye f/1.4, mtu akiwa mita moja, eneo lililo kali ni kama sentimita 3. Kope zikiwa kali, sikio limelegea. Kamera itakuonyesha kingo kali kwa alama za rangi, nyekundu au njano. Zitumie kufika karibu, usiziamini kumaliza kazi, maana kwenye tundu pana hupaka rangi hata penye ulegevu. Kumaliza ni kwa kukuza picha. Weka kitufe kimoja cha kukuza mahali kidole gumba kinapofika, kuza juu ya jicho, zungusha pete kupita kidogo kisha urudi, fyatua. Ukifunga hadi f/5.6 au zaidi kwa ajili ya kundi la watu, pata fokasi kwenye tundu hilohilo utakalopigia, kwa sababu baadhi ya lenzi za zamani husogeza fokasi kidogo tundu linapofungwa.

Kamera yako ikiwa na kituliza mtikisiko ndani ya sensa, iambie urefu wa lenzi. Iambie! Ukiacha menyu inasema 200 na umefunga 50, itasahihisha kupita kiasi na picha itatikisika kuliko ukiwa umekizima. Kwa zumu ya zamani itabidi ubadilishe namba kila unapovuta. Hiyo ni sababu moja ya kuziacha zumu za zamani. Sababu ya pili ni kwamba nyingi hazikuwa nzuri hata zilipokuwa mpya.

Je, nipige harusi kwa lenzi hizi? Swali hilo huja kila mara. Bibi harusi anaingia ukumbini, anatembea, taa zinabadilika, mama mkwe anakatiza mbele. Hapana. Tumia lenzi yako yenye mota. Lenzi ya zamani itoe wakati wa pete zilizo mezani, wa hina mkononi, wa maharusi waliosimama bustanini na wanaokusubiri. Mteja hakulipii uzoefu wako wa kuzungusha pete.

Sasa ununuzi, na hapa nitakaa, kwa sababu pwani inaua lenzi kuliko mahali pengi. Unaponunua, usitazame jina kwanza. Chukua tochi. Fungua tundu kabisa, mulika kutoka nyuma, chungulia kutoka mbele ukiinamisha lenzi huku na huku. Unatafuta nini?

Vumbi, puuza. Vumbi la ndani halionekani kwenye picha.

Kuvu ni jambo jingine. Inaonekana kama utando wa buibui unaotambaa kutoka ukingoni. Ikiwa kwenye kioo cha mbele au cha nyuma kabisa na bado changa, fundi anaisafisha. Ikiwa katikati, kati ya vioo, gharama inazidi bei ya lenzi. Ikikaa sana hula utando uliopakwa juu ya kioo, na hata ukiisafisha alama inabaki. Na ukungu mweupe unaofunika kioo kizima, unaoonekana tochi inapowaka tu, unashusha weusi wote wa picha. Mtu anadhani lenzi ina "sura ya kizamani", kumbe ni chafu.

Mafuta kwenye vibamba yana habari njema kidogo. Enzi za filamu, kamera ilifunga tundu ghafla wakati wa kufyatua, na vibamba vyenye mafuta vilichelewa; lenzi ikahesabiwa mbovu. Kwenu ninyi mnaofunga kwa mkono, kuchelewa si kitu, mradi vifike kwenye namba yake. Basi bei ishuke! Ila jueni kwamba grisi iliyovuja kwa joto inaweza kuhamia kwenye vioo baadaye, kwa hiyo msiache lenzi hiyo ndani ya gari juani.

Mwisho, zungusheni pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ngumu kidogo inavumilika, inayokwama mahali pamoja imeanguka wakati fulani.

Kuna njano pia, na hii imewatisha wengi. Takumar mm 50 f/1.4 za vioo saba, zile za Asahi Pentax, zina kioo kilichochanganywa thoriamu. Wahandisi waliitaka kwa sababu inapinda mwanga sana bila kutawanya rangi. Lakini thoriamu ina mnururisho, na mnururisho huo baada ya miaka hukigeuza kioo chenyewe kuwa cha njano, hata kahawia. Picha inapata rangi ya chai na mwanga unapungua. Tiba ni mwanga wa urujuanimno: taa yake, au jua letu hili ambalo hatulilipii. Ondoa vifuniko, elekeza upande wenye njano kwenye jua, upande wa chini weka karatasi ya aluminiamu, na urudie kwa siku kadhaa au wiki hadi njano ipungue. Karatasi hiyo usiisahau, kwa sababu lenzi iliyo juani bila kizuizi inaweza kuchoma meza, pazia, nyumba. Kuhusu afya: kuipigia picha si jambo la kuhofia, lakini usikisage wala kukikwaruza kioo hicho, wala usikigeuze kuwa cha kuchungulia kwa jicho.

Na ukishainunua utaiweka wapi? Si kwenye mfuko wa ngozi uliokuja nao. Ngozi hushika unyevu, na kuvu hula ngozi kabla ya kuhamia kwako. Tafuta sanduku la plastiki linalofunga kwa mpira, weka pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu, na uhakikishe kinasoma kati ya asilimia 40 na 50. Silika yenye rangi ikibadilika, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi kama 120 kwa saa mbili hivi. Mchele hapana, tafadhali. Unaacha unga kwenye pete. Zaidi ya yote itoe lenzi uitumie, kwa sababu kuvu inapenda giza na utulivu.

Mkiniuliza muanzie wapi, nitasema mm 50 moja na adapta moja. Basi. Kila kampuni ilitengeneza mm 50 nyingi, nyingi ni nzuri, na zikifungwa hadi f/4 hutaona kasoro kubwa. Pana sana, kama mm 20 au 24, subirini. Adapta isiyonyooka huonekana kwanza kwenye pembe zake. Nunueni na kofia ya kuzuia jua, maana utando wa vioo vya zamani hauvumilii jua la saa saba mchana kama wa leo. Helios 44-2 na Takumar mm 50 zote zina uzi wa mm 49, kofia moja inatosha zote mbili.

Nitaishia hapo. Waliokuja na lenzi zao, tochi tatu ziko kwenye meza ya dirishani, na adapta za Sony, Canon na Fuji ziko pembeni yake. Wenye Nikon za kabla ya 1977, onyesheni pete ya tundu kwanza kabla hamjafunga chochote.